Ufa wa Kivinjari

Wazee walinena: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mithali hii ilitoka kwa watu waliokaa katika nyumba za udongo na walioijua tabia ya mvua. Ufa ulipotokea ukutani, mwenye nyumba aliuona kwa macho yake mwenyewe, naye alikuwa na udongo, maji na mikono. Kama aliuacha ukapanuka, lawama ilikuwa yake peke yake. Katika zama zetu iko nyumba nyingine, na nyufa zake hazionekani kwa macho. Wa kwanza kuziona huwa ni fundi au ni mwizi; afanyaye udongo wa kuziziba hukaa nchi ya mbali; na mwenye nyumba, ambaye mali yake imo ndani, aghalabu hana habari. Nyumba hiyo ni tarakilishi, na mlango wake upitwao na wageni wengi kuliko milango mingine yote ni kivinjari.

Insha hii yakusudia kusimulia historia ya mlango huo, na kutafuta jawabu la swali moja: Kwa nini watu hudhurika kwa ufa ambao dawa yake imekwisha kupatikana? Maana tukitazama misiba mikubwa iliyowapata watumiaji wa tarakilishi katika miaka 30 iliyopita, tutaona jambo la kustaajabisha. Mingi kati yake haikutokea kwa sababu dawa ilikosekana, bali kwa sababu dawa ilichelewa: mara ilichelewa mkononi mwa fundi, na mara ilichelewa mkononi mwa mgonjwa.

Kwanza tujue kivinjari ni kitu gani. Ni programu ambayo kwayo mtu hufungua kurasa za tovuti. Msomaji huona maneno na picha, akadhani anasoma gazeti. Walakini gazeti haliwezi kumfanyia mtu neno lolote ila kusomwa. Ukurasa wa tovuti huja na maagizo, na kivinjari huyatii: chora hiki, piga sauti ile, uliza jina, hesabu bei. Maagizo hayo hutoka katika mashine za watu tusiowajua, nayo hutekelezwa ndani ya mashine yetu. Kivinjari basi ni mfano wa bawabu anayepokea barua za kila mpita njia na kufanya yaliyoandikwa humo. Bawabu mwenye akili hukataa agizo baya. Lakini kama liko neno moja asilolielewa sawasawa, mjanja atalitafuta neno hilo hadi alipate, na kwa neno hilo atauteka ufunguo wa nyumba.

Hapo mwanzo jambo hili halikuwashughulisha watu. Katika mwaka wa 1989 Mwingereza mmoja, Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya CERN karibu na mji wa Geneva, alipendekeza njia ya kuunganisha maandiko ya wataalamu yaliyotawanyika katika tarakilishi mbalimbali. Mwaka uliofuata alikitengeneza kivinjari cha kwanza. Kusudi lake lilikuwa wataalamu wapate kusomeana maandiko, na wataalamu hao waliaminiana. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ilitoa maarifa hayo bure kwa watu wote. Katika mwaka huo huo vijana wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, mmoja wao akiwa Marc Andreessen, walitoa kivinjari kilichoitwa Mosaic, ambacho kiliweza kuonyesha picha pamoja na maneno katika ukurasa mmoja. Mwisho wa 1994 Andreessen na wenzake walitoa kingine, Netscape Navigator, na kwa muda mfupi watu wengi wakakitumia. Mlango uliojengwa kwa ajili ya marafiki ukawa mlango wa soko.

Palipo na soko pana fedha, na palipo na fedha mwizi hayuko mbali. Wenye Netscape walilijua hilo, wakatengeneza namna ya kuficha maneno ya siri, kama vile namba za kadi za benki, yasisomwe njiani. Ufunguo wa siri hiyo ulipasa kutokana na namba zisizoweza kubahatishwa. Katika Septemba 1995 wanafunzi wawili wa chuo kikuu huko Berkeley, Ian Goldberg na David Wagner, walichunguza jinsi namba hizo zilivyopatikana. Wakagundua kwamba kivinjari kilizitoa katika saa ya mashine pamoja na namba mbili nyingine ambazo mtu hodari angeweza kuzikisia. Ilikuwa kama mtu aliyenunua kufuli imara, kisha akauficha ufunguo chini ya mkeka wa mlangoni. Tarakilishi ya kawaida iliweza kuuvumbua ufunguo huo kwa muda usiozidi dakika moja.

Wenye Netscape hawakukana wala hawakukasirika. Waliutengeneza ufa upesi, na katika Oktoba 1995 wakatangaza kwamba atakayewaonyesha kasoro nyingine atapewa zawadi. Huo ulikuwa mwanzo mwema wa desturi ambayo leo imeenea kwa makampuni mengi. Lakini hapo ndipo lilipozaliwa tatizo ambalo ndilo kiini cha insha yetu. Programu iliyotengenezwa ilikuwa tayari, ila ilikuwa kwa fundi. Kila mwenye kivinjari alipasa kwanza kusikia habari, kisha kuzielewa, kisha kuipakua programu mpya kwa njia ya simu iliyokwenda polepole. Wengi hawakusikia, wengine walisikia wakaahirisha. Ufa ulikuwa umezibwa katika karakana, lakini nyumbani ulikuwa wazi.

Agosti ya mwaka huo wa 1995 kampuni ya Microsoft nayo ilitoa kivinjari chake, Internet Explorer. Kampuni hii ilikuwa na nguvu ambayo Netscape haikuwa nayo, kwa kuwa mashine nyingi duniani zilitumia Windows, na kivinjari kikaja kufungwa pamoja na Windows bila malipo. Katika Mei 1998 serikali ya Marekani iliishtaki Microsoft kwa kutumia ukubwa wake isivyo haki, lakini mashindano yalikuwa yamekwisha kuamuliwa. Mwanzoni mwa karne hii zaidi ya watu 9 katika kila 10 waliotembelea tovuti walitumia Internet Explorer.

Toleo la sita la kivinjari hicho lilitoka Agosti 2001. Hapo shindano lilikuwa limekwisha, na mshindi akaketi kupumzika. Toleo la saba halikutokea hadi Oktoba 2006, yaani baada ya miaka 5. Katika muda huo wezi hawakuketi. Walikuwa na mlango mmoja wa kujifunza, na yeyote aliyepata njia ya kuuvunja alikuwa amepata njia ya kuvunja karibu nyumba zote za dunia. Mkulima yeyote atalifahamu jambo hili. Shamba lililopandwa mbegu ya aina moja tu hupendeza wakati wa heri, lakini ugonjwa ukiingia haubakishi shina.

Viraka vya kuziba nyufa vilitolewa mara kwa mara. Tangu Oktoba 2003 Microsoft iliweka utaratibu wa kuvitoa kila Jumanne ya pili ya mwezi, ili maofisa wa mitambo wajue siku ya kujiandaa. Utaratibu huo ulikuwa mzuri, lakini ulikuwa na sumu ndani yake ambayo kila kijana yafaa aifahamu. Kiraka kikitolewa, mwizi naye hukipata. Hukilinganisha na programu ya zamani, akatazama ni mahali gani pamebadilika, na mahali hapo ndipo ulipokuwapo ufa. Kabla ya siku hiyo pengine hakuujua. Baada yake anaujua hasa. Kwa hiyo kiraka humponya aliyekivaa, na papo hapo humtangaza asiyekivaa. Mtu aonaye tangazo la sasisho akasema, Nitafanya kesho, hudhani amebaki katika hali ile ile aliyokuwa nayo jana. Sivyo. Jana ufa wake ulikuwa siri ya wachache. Leo umeandikwa barabarani.

Katika Juni 2004 lilitokea jambo lililowatikisa watu. Wadukuzi waliingia katika seva za tovuti za watu wengine walio waaminifu na kupachika humo maagizo mabaya, na mtu aliyezitembelea kwa Internet Explorer alidhurika pasipo kubofya kitu chochote. Kabla ya hapo watu walifundishwa kwamba asiyekwenda mahali pabaya hapatwi na baya. Fundisho hilo likavunjika. Novemba 9 ya mwaka huo kilitoka kivinjari kingine, Firefox 1.0, kilichotengenezwa na shirika la Mozilla, na watu wengi wakakihamia. Shamba likaanza tena kuwa na mbegu zaidi ya moja.

Hata hivyo tukio lililofundisha zaidi lilikuja mwanzoni mwa 2010. Tarehe 12 Januari kampuni ya Google ilitangaza kwamba katika mwezi uliotangulia iligundua shambulio lililotoka China, ambalo kwalo iliibiwa baadhi ya mali zake za elimu, na kwamba makampuni mengine makubwa yasiyopungua 20 yalishambuliwa pia. Ikasema tena kwamba moja ya makusudi ya washambulizi lilikuwa kusoma barua za watetezi wa haki za binadamu wa China. Wataalamu walipochunguza waliona kwamba mlango mmojawapo uliotumika ulikuwa Internet Explorer 6, kivinjari cha mwaka wa 2001, kilichokuwa kikitumika bado katika ofisi za makampuni yenye mafundi hodari kuliko wote duniani.

Kasoro yenyewe yaweza kuelezwa kwa mfano. Mpangaji amehama chumba, lakini hakurudisha ufunguo. Baadaye anarudi usiku na kuingia kama desturi yake, bila kujua kwamba chumba kimekwisha kupangishwa mtu mwingine, naye huyo mwingine amemtegea mtego. Ndivyo kivinjari kilivyofanya: kiliachilia sehemu ya kumbukumbu ya mashine, kisha kikairudia kana kwamba bado ni yake. Mdukuzi aliwahi kukaa mahali hapo pamoja na maagizo yake, na kivinjari kikayatii.

Sasa tazama jinsi ucheleweshaji ulivyokuwa wa pande mbili. Kwa upande wa fundi, Microsoft ilikiri kwamba iliarifiwa kasoro hiyo tangu Septemba 2009, nayo ilikuwa imekusudia kuitengeneza katika Februari 2010. Shambulio halikungoja Februari. Katika Januari hiyo idara za serikali za Ujerumani na Ufaransa zishughulikiazo usalama wa mitambo ziliwashauri raia kutumia vivinjari vingine hadi dawa ipatikane, na tarehe 21 Januari Microsoft ilitoa kiraka nje ya utaratibu wake wa kila mwezi. Kazi iliyoonekana kuhitaji miezi ikamalizika kwa siku chache ilipokuwa aibu imefika mlangoni. Kwa upande wa mtumiaji, matoleo mawili mapya yalikuwa yamekwisha kutoka tangu lile la sita, yenye kinga bora zaidi, lakini watu hawakuhama.

Kwa nini hawakuhama? Hapa yafaa tusiwe wepesi wa kulaumu, maana mwanahistoria atazamaye nyuma huona njia iliyonyoka ambayo wasafiri wenyewe hawakuiona. Sababu zilikuwa nyingi, na nyingine zilikuwa za heshima.

Sababu ya kwanza ilikuwa gharama. Katika 2010 zaidi ya watu 6,000 walitia sahihi ombi kwa serikali ya Uingereza wakiitaka iache Internet Explorer 6 katika idara zake. Serikali ilijibu kwamba kuhama si jambo jepesi, kwa kuwa programu nyingi za kazi zilijengwa juu ya kivinjari hicho, na kuzijaribu zote upya kungegharimu fedha nyingi za walipa kodi. Jibu hilo halikuwa la kipumbavu. Ofisi ilipojenga mitambo yake ilikuwa imeegemea ukuta mmoja. Kuubomoa ukuta huo kulitisha dari zima.

Sababu ya pili ilikuwa sheria, na mfano wake mkubwa ni Korea Kusini. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi hiyo ilitaka kuwalinda raia wake wanaonunua na kuweka fedha kwa mtandao. Ikatengeneza namna yake yenyewe ya kuficha siri, na namna hiyo ikafanya kazi kwa kipande cha programu kilichoweza kutumika katika Internet Explorer tu. Wakati huo ulikuwa uamuzi wa busara. Lakini miaka ilipopita, sheria iliyowekwa kwa ajili ya usalama ikawa kamba iliyowafunga watu katika kivinjari kilichozeeka, na watu wakazoea kukubali kila kipande cha programu walichoombwa na tovuti, tabia ambayo mwizi huipenda. Ilichukua muda mrefu wa miaka ya 2010 kuifungua kamba hiyo. Internet Explorer ilipostaafishwa rasmi tarehe 15 Juni 2022, fundi mmoja wa Korea alikitengenezea kaburi la mzaha katika mji wa Gyeongju, lenye jiwe lililosema kwamba kilikuwa chombo kizuri cha kupakulia vivinjari vingine. Watu walicheka, lakini kicheko hicho kilikuwa na machungu ya miaka 20.

Sababu ya tatu ni hofu ya dawa yenyewe. Si kila kiraka kimeshonwa vizuri. Katika Oktoba 2012 Mozilla ilitoa Firefox 16, na kesho yake ikaiondoa kwa sababu toleo hilo jipya lilikuwa na ufa, kisha ikalirudisha baada ya kulitengeneza. Na tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya CrowdStrike, ambayo kazi yake ni kulinda tarakilishi, ilituma sasisho lenye kosa lililozima mashine zipatazo milioni 8.5 duniani, ndege zikakaa chini na hospitali zikarudia kalamu na karatasi. Mtu aliyeyaona hayo akisema, Haraka haraka haina baraka, hatuwezi kumwita mjinga. Lakini wazee hao hao walisema pia, Ngoja ngoja huumiza matumbo. Kazi ya akili ni kujua ni mithali ipi ina zamu yake. Kosa la sasisho bovu huonekana siku ile ile, fundi akahangaika kulirekebisha mbele ya macho ya watu wote. Kosa la ufa ulioachwa halionekani, wala hapana ahangaikaye, mpaka siku ya msiba.

Msiba wa namna hiyo ulitokea Mei 12, 2017. Ufa wake haukuwa wa kivinjari, bali wa sehemu ya Windows ishughulikayo na kugawana mafaili. Walakini hapana hadithi ionyeshayo bei ya kuchelewa waziwazi kuliko hii. Kiraka kilitolewa na Microsoft tarehe 14 Machi 2017. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 14 Aprili, watu wasiojulikana walitangaza hadharani silaha ya kuutumia ufa huo, silaha iliyoibwa kutoka kwa idara ya ujasusi ya Marekani. Idara ya mitambo ya hospitali za umma za Uingereza ilionya hospitali katika Machi na tena katika Aprili kwamba zivae kiraka. Nyingi hazikuvaa. Siku ya 59 tangu dawa ilipotolewa, programu iliyoitwa WannaCry ilianza kuenea yenyewe toka mashine hata mashine, ikiyafunga mafaili kwa siri na kudai fidia ya dola 300. Zaidi ya tarakilishi 200,000 katika nchi zipatazo 150 zilishikwa. Huko Uingereza theluthi moja ya mashirika ya hospitali yaliathirika. Miadi ya wagonjwa ipatayo 19,000 ilikisiwa kuwa ilifutwa, na baadhi ya magari ya wagonjwa yakaelekezwa hospitali nyingine. Fikiri, msomaji, juu ya mgonjwa aliyengoja kwa miezi siku ya kupasuliwa, akafika mlangoni, akaambiwa arudi nyumbani kwa sababu ya kazi ambayo mtu mmoja ofisini aliiahirisha. Mtu huyo hakuwa na nia mbaya. Alisema tu, Kesho.

Mafundi nao walijifunza. Tarehe 2 Septemba 2008 Google ilikuwa imetoa kivinjari chake, Chrome, chenye mawazo mawili yaliyobadilisha mambo. La kwanza: kila ukurasa uwekwe katika chumba chake chenye kuta, ili ukurasa mbaya ukimshinda bawabu usiweze kuingia vyumba vingine kwa urahisi. La pili: sasisho lisingoje idhini ya mtu, bali lije lenyewe kimya kimya. Wazo hili la pili liliwachukiza baadhi ya watu, wakisema kwamba mashine ni mali yao, na mgeni hana haki ya kubadilisha vyombo vya nyumba usiku. Hoja hiyo ina uzito hata leo. Lakini historia iliupa nguvu upande wa pili, kwa kuwa miaka mingi ya kuwategemea watu wakumbuke wenyewe ilikuwa imeonyesha kwamba hawakumbuki. Firefox na vivinjari vingine vikafuata njia hiyo.

Tena mwendo ukaongezwa. Tangu 2010 Chrome ilitoa toleo jipya kila baada ya majuma 6 hivi. Katika 2021 yakawa majuma 4. Na tangu Agosti 2023 viraka vya usalama vilianza kutolewa kila juma, kwa sababu ile ile tuliyoieleza, yaani kupunguza siku ambazo ufa umetangazwa na haujazibwa. Mwezi mmoja tu baadaye, Septemba 2023, faida yake ilionekana. Kasoro ilipatikana katika maandishi yanayosoma aina moja ya picha iitwayo WebP. Iliripotiwa na mafundi wa Apple pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto, na wakati huo ilikuwa imekwisha kutumiwa kushambulia watu. Kwa kuwa vivinjari vingi vilitumia maandishi hayo hayo, Chrome, Firefox na wengineo wote walikuwa na ufa mmoja. Katika siku chache viraka vilikuwa tayari. Mashamba yalionekana kuwa mbalimbali, kumbe mbegu ile moja ilikuwa imo katika yote.

Je, habari hizi zatuhusu sisi? Zatuhusu sana. Kabla ya 2009 nchi yetu ilipata intaneti kwa njia ya setilaiti, ya polepole na ya gharama, na mtu angehitaji saa nyingi na fedha nyingi ili kupakua programu nzima. Katika mwaka huo nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa, na mlango ukapanuka. Mlango ukipanuka huingiza heri na shari pamoja. Leo watu wetu hulipa ada, hutuma maombi ya kazi, huangalia fedha za benki na kufungua hati za serikali kwa vivinjari vya simu zao. Lakini sababu za kuchelewa hazikutoweka. Zimebadili sura tu. Mwenye bando dogo huzima masasisho ili asimalize fedha yake, na hatuwezi kumcheka, maana anachagua kati ya kiraka na mkate. Simu ya bei nafuu huacha kupokea masasisho ya mtengenezaji ingali nzima mkononi. Mashine kuukuu hubaki na Windows ambayo mwenyewe ameiacha: Chrome iliacha kuihudumia Windows 7 mwanzoni mwa 2023, na tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft nayo ilikoma kutoa huduma ya kawaida kwa Windows 10. Mashine hizo huwaka vizuri na kuandika vizuri. Kwa macho hazina ila. Ufa hauna sauti.

Mimi mwenyewe nafundisha walimu watarajiwa, na nitakiri kosa langu ili fundisho lisiwe la kinafiki. Kwa muhula mzima kivinjari changu kilikuwa na alama ndogo pembeni, ikinitaka nikifunge na kukifungua upya. Nilikuwa na kurasa nyingi zilizofunguliwa, nami sikutaka kuzipoteza. Sasisho lilikuwa limekwisha kupakuliwa na limo ndani ya mashine, lakini haliwezi kufanya kazi mpaka kivinjari kizimwe. Nilikuwa mfano wa mgonjwa aliyenunua dawa, akaiweka juu ya kabati, akaitazama kila siku. Mwanafunzi mmoja aliniuliza ile alama ina maana gani. Nilipokuwa nikimweleza, niliona haya.

Basi kukaa macho ni nini? Si kuishi kwa hofu, wala si kujua siri za mafundi. Ni mambo machache yaliyo wazi. Kivinjari kiachwe kijisasishe, na kikidai kuzimwa na kuwashwa, kizimwe siku hiyo hiyo. Mwenye fedha chache na atafute mtandao wa shule au maktaba kwa kazi hiyo, aitangulize kabla ya nyimbo na picha. Tena sasisho litafutwe katika orodha ya kivinjari chenyewe, kamwe lisichukuliwe katika ukurasa upigao kelele kwamba kivinjari chako kimezeeka. Kwa maana wezi nao wamejifunza historia hii, na sasa huvaa kanzu ya fundi. Mwenye kuongoza shule au ofisi na ajue tarehe ambayo kila mashine yake itaachwa na mwenyewe, aiandike kama aandikavyo tarehe ya kodi, ili isimkute hana akiba. Naye ajengaye mitambo asiiegemeze kwenye ukuta mmoja tu, asije akawafunga watoto wake kwa kamba aliyoisokota kwa nia njema.

Twarudi kwa wazee wetu na ufa wao. Mithali yao ilimsemesha mtu mmoja juu ya nyumba yake moja. Historia tuliyoisoma imeongeza neno moja juu yake: nyumba zetu sasa zimeshikana ukuta kwa ukuta, wala mvua ipenyayo kwangu haikomi kwangu. Aliyeahirisha kazi katika ofisi moja ya Uingereza hakujua jina la mgonjwa aliyerudishwa mlangoni. Nasi hatutajua majina ya watakaodhurika kwa kesho zetu, wala ya watakaosalimika kwa sababu tulifanya leo. Kazi ya namna hiyo haina shukrani wala sifa. Aliyeziba ufa kabla ya mvua hakusimuliwa na mtu, lakini watoto wake walilala pakavu.